Vigae vya Jaani

MTANGAZAJI: Hapa kambini mtoto akipekua jaa tunamwita chokoraa, na wengine humfukuza kwa mawe. Leo twende visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayo: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula. Huko alipita Neville Chittick, mkuu wa taasisi ya Waingereza ya historia na mambo ya kale mjini Nairobi. Mtaalamu mzima, naye aliinama akiokota vigae, vipande vya vyungu na bakuli ambavyo wazee wetu walivivunja wakavitupa. Ripoti yake ilitoka 1969.

Kwa nini taka? Nguo huoza, mbao huliwa na mchwa, dhahabu mwenyewe huondoka nayo akihama. Kigae hakiozi, wala hakina mwizi. Tena kila zama zilikuwa na vyombo vyake: bakuli za kijani za China zilienea pwani yetu kabla ya zile nyeupe zenye maua ya buluu. Kigae kikikutwa chini ya sakafu ambayo haijawahi kubomolewa, basi nyumba ilijengwa baada ya bakuli kuvunjika. Hesabu ndiyo hiyo, hata mtu wa kidato cha nne kama mimi anaielewa.

Kule Gedi, karibu na Malindi, James Kirkman alianza kuchimba 1948. Majina ya wenye nyumba yalikuwa yamepotea, kwa hiyo nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma. Sijui zetu hapa zingeitwaje. Nyumba ya Debe la Mafuta, labda.

Kwetu sisi jambo hili si mchezo. Vita vilipozuka 1991, Wabajuni wengi walikimbilia Kenya kwa mashua, na mpaka leo wapo wanaotuambia kwamba sisi ni wageni Somalia, hatuna ardhi. Nani alikimbia na hati ya nyumba? Vigae havikukimbia. Viko palepale, chini ya mchanga.

Basi ukijaliwa kurudi, ukaona kigae kimechomoza, kiache. Kikiondolewa bila kuandikwa kilipokuwa, hakitaji tena mwaka. Na nyinyi wazee wa Koyama, Chovai na Chula mlioko hapa, Jumamosi baada ya alasiri mlango wa studio uko wazi. Njooni mtuambie jaa la mtaa wenu lilikuwa upande gani.