Nguo ya Mpiga Picha

Kwa miaka mingi, mpita njia katika Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe, alikuwa akisimama mbele ya Capital Art Studio kutazama picha za Unguja ya zamani. Studio hiyo ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, aliyekuwa amejifunza kazi kwa A. C. Gomes, na baadaye mwanawe, Rohit, akaiendeleza. Katika picha za namna ile tunawaona watu waliovaa wakavalika: majoho, vilemba, kanzu, mabuibui. Mtu mmoja tu hatumwoni, naye ni yule aliyesimama nyuma ya kamera. Historia ya mavazi yetu imeandikwa kwa jicho lake, lakini vazi lake mwenyewe halikuandikwa. Makala hii inataka kuliuliza swali hilo dogo: mpiga picha wa harusi huvaa nini, na kwa nini?

Swali ni dogo kwa asiyeijua pwani. Kwetu nguo haijapata kuwa kitambaa tu. Kabla ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta utumwa Unguja, mtu alisomwa hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Mtumwa alijulikana kwa kaniki au merikani yake, kwa miguu mitupu na kichwa kisichofunikwa. Kofia, viatu na kanzu njema vilikuwa vya waungwana. Baada ya amri ile, wanaume waliokuwa watumwa wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakajifunga kanga, na wengine baadaye wakajitanda buibui. Hawakuwa wakijipamba tu. Walikuwa wakijiandika upya.

Kamera ilikuwa imekwisha kuingia Unguja wakati huo. Wagoa, akina Gomes na akina Coutinho, walikuwa na studio zao tangu karne ya 19. Picha ikawa shahidi wa nguo: mtu akivaa alichonyimwa babu yake, alitaka kionekane na kibaki. Mpiga picha wa enzi hizo, na kamera yake ya miguu mitatu, alipotaka kulenga aliingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi ili mwangaza usimzuie kuona. Nakiita kitambaa hicho sare ya kwanza ya kazi hii. Aliyevaa vizuri yuko mbele kwenye nuru. Anayemtazama amejifunika giza.

Kisha kamera ikawa ndogo, ikapata filamu ya mkanda na flashi, ikatoka studio ikaenda kwenye harusi zenyewe. Hapo ndipo mpiga picha alipovuliwa kile kitambaa cheusi. Sasa alionekana, na watu wakaanza kumsoma kama wanavyosomana. Je, huyu ni mgeni? Ni mtumishi? Apewe sahani pamoja na wajomba au apitie mlango wa jikoni? Hakuwa na jibu isipokuwa nguo yake.

Jibu hilo nililitafuta mwenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilipovuka bahari kutoka Unguja kwenda kutafuta riziki Dar es Salaam. Nilikaa Manzese, wakati ule ikiwa katika Wilaya ya Kinondoni, leo ikiwa katika Wilaya ya Ubungo. Nikawa msaidizi wa fundi mmoja wa picha, mtu mzima wa huko huko. Kazi yangu ilikuwa kubeba mkoba, kushika taa na kuhesabu mikanda ya picha 36 36 isije ikaisha kabla ya keki kukatwa.

Ubungo ni mahali panapofaa kusimulia habari za nguo. Hapo ndipo kilipojengwa, kwa msaada wa China, kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968 na kuwavisha Watanzania kanga na vitenge. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita minisketi, mawigi na suruali za kubana, na Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza katika mitaa ya Dar es Salaam. Nchi iliyokuwa inajifumia kanga yake ilikuwa pia inabishana nani avae nini. Miaka iliyofuata suti ya Kaunda, isiyo na tai, ikawa vazi la heshima la wanaume wengi. Fundi wangu alikuwa nayo moja ya rangi ya majivu, yenye mifuko minne. Alisema imeshonwa kwa ajili ya kazi yake: mfuko wa mikanda mipya, mfuko wa mikanda iliyokwisha, wa betri, na wa leso ya jasho.

Mimi sikuwa na suti. Siku yangu ya kwanza nilivaa shati jekundu, zuri kuliko yote niliyokuwa nayo, nililolipata katika mitumba ya hapo Manzese. Nilisimama karibu na bibi harusi kwenye jua la alasiri, nikishika ncha ya shela isiburure mchangani. Picha ziliposafishwa, gauni jeupe lilikuwa na wekundu ubavuni, kana kwamba limemwagikiwa sharubati. Fundi hakunigombeza. Aliniwekea picha mezani akasema, "Mwanangu, shati lako limeingia kwenye harusi ya watu bila kualikwa."

Niliona haya, lakini nilikuwa nimefundishwa somo ambalo wapiga picha wa kila nchi hulijua. Rangi kali huakisi mwanga na kuuangusha juu ya aliye karibu, nyeusi huunywa. Ndiyo sababu wengi wao huvaa nyeusi au kijivu kilichokolea, hata katika joto la Desemba, mwezi ambao Dar es Salaam hutoa jasho na harusi kwa pamoja. Kile kitambaa cheusi cha zamani hakikupotea: kiliteremka kutoka kichwani kikawa shati.

Lakini nyeusi nayo ina mitihani yake. Wiki chache baadaye, katika ukumbi mmoja, nilivaa suruali nyeusi na shati jeusi kama nilivyoagizwa. Vijana wa kugawa chakula walikuwa wamevaa vivyo hivyo. Mzee mmoja akanikabidhi sahani chafu. Mlinzi wa mlango wa mbele akanirudisha nyuma na mkoba wangu, akinitaka nipite kwa wapishi, na maharusi wakaingia ukumbini mimi na taa tukiwa nje. Fundi alipiga picha za mlangoni bila taa, zikatoka gizagiza. Siku isiyorudi ilipotea kwa sababu ya shati. Tangu hapo nimeelewa kuwa heshima ya mfanyakazi si jambo la majivuno yake peke yake. Ikivunjwa, kazi nayo huvunjika.

Fundi wangu alilimaliza tatizo kwa njia yake. Asubuhi alivaa suti yake ya Kaunda, viatu vya soli ya mpira visivyopiga kelele madhabahuni, na kichwa wazi, kama ndoa ni ya kanisani. Kama ni ya msikitini, ndani ya mkoba, chini ya kamera, palikuwa na kanzu iliyokunjwa na kofia, pamoja na soksi nzima, kwa kuwa viatu huvuliwa na soksi iliyotoboka huaibisha mbele ya sheikh. Ubungo ni mahali pa watu mchanganyiko, na siku mbili za mwisho wa juma ziliweza kumpeleka mtu nyumba zote mbili za ibada. Hakuwa akijibadilisha kwa unafiki. Alikuwa akipiga hodi kwa kila mwenye nyumba kwa lugha yake.

Sare ya kamati aliikataa daima. Tunajua jinsi harusi za bara na za pwani zinavyopenda sare: kanga za aina moja kwa shangazi, kitenge cha rangi moja kwa wanakamati. Mara nyingi walimletea kitambaa kwa mapenzi tu, wakitaka awe mmoja wao. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampelekea mkewe. Alisema mtu akivaa sare ya upande wa bwana harusi, upande wa bibi utahesabu picha.

Na kuna mlango ambao nguo yoyote ya mwanamume haiufungui. Katika harusi za Waislamu wa pwani, bibi harusi anapopambwa na wanawake kukaa peke yao bila mitandio, mwanamume mwenye kamera hana nafasi. Hapo kazi ni ya mpiga picha mwanamke, naye ana mtihani mzito zaidi: akivaa kama mgeni ataambiwa amekuja kujionyesha, akivaa kama wa jikoni atatumwa maji. Niliowaona walivaa gauni pana la rangi iliyotulia, na mtandio waliobana vizuri usianguke mbele ya lenzi.

Mimi niliiacha kamera, nikashika kalamu na kazi ya tafsiri, ambayo nayo humtaka mtu awepo bila kuonekana. Hata hivyo siamini tena kwamba asiyeonekana hana vazi. Mfasiri huchagua maneno yake kama fundi wangu alivyochagua soksi zake, kwa kumhofia mwenye nyumba na kwa kuipenda kazi. Kitambaa cheusi cha studio za Wagoa, suti ya majivu ya Manzese na gauni lililotulia la chumba cha wanawake ni nguo za watu waliokubali wengine wang'are. Lakini kukubali huko si kukubali kupitishwa mlango wa nyuma. Tukiwa na harusi, tumpokee mpiga picha mlango wa mbele, tumpe kiti na sahani. Miaka 50 baadaye, wajukuu wetu watatujua kwa yale aliyowahi kuyaona.