Kalimati za Ujiji: utamu uliotoka mbali

Bibi yangu aliuza kalimati Ujiji. Alibana unga uliochachuka kwenye ngumi, akaukata kwa kijiko, donge likadondoka kwenye mawese ya moto. Daktari alipomwambia ana kisukari, aliacha kuzila, ila kuzikaanga hakuacha. Ada zetu za shule zilitoka humo.

Utamu huu ulifikaje huku? Jina lenyewe linatoa ushahidi. Waarabu wa Ghuba wanaziita luqaimat, kutoka luqma, yaani tonge. Kitabu cha mapishi cha Baghdad cha mwaka 1226 kinazo ndugu zake: matonge ya kadhi.

Karne ya 19 Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walishakuwa wenyeji Ujiji. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone, majirani walileta sahani: Sayd bin Majid maandazi ya nyama, Mohammed bin Sali kuku wa mchuzi, Mwinyi Heri mbuzi na wali. Stanley hataji kalimati. Sishangai sana, maana sukari ya pwani ilibebwa kichwani na wapagazi zaidi ya kilomita 1,000. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mzigo ule ukapanda behewa.

Mafuta, kwa upande wake, hayakuhitaji reli. Burton, aliyefika na Speke mwaka 1858, aliandika habari za mawese ya Ujiji. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Tatizo ni kwamba moto mkali wa karai huiharibu, na mafuta yakirudiwa-rudiwa ndiyo kabisa. Unga wa ngano wa viwandani, tangu kanuni za 2011, unatakiwa kuongezwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Hiyo ni faida. Lakini hesabu haidanganyi: gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au sukari 4, na kalimati ni hivyo vitatu tu, tena zimechovywa shira.

Kwa mpagazi aliyetembea kutwa nzima, hicho kingekuwa chakula hasa. Kwa mimi ninayepanda bodaboda kwenda kukaa ofisini, ni kingine.

Bibi alilijua hilo bila kalori. Mtoto akija na hela, alimpa tatu. Akiomba ya nne, alimwambia: "Nenda kale dagaa kwanza, mjukuu wangu."

Sasa nami nakula tatu.