Amri Chache, Kazi Nyingi: Historia Fupi ya Prosesa Ndogo

Mchunguzi wa lugha huulizwa mara nyingi: lugha yatosheka kwa maneno mangapi? Mafundi wa kompyuta nao wamejiuliza swali la namna hiyo tangu mwanzo, na majibu yao yafaa kutazamwa, kwa kuwa yaweza kupimwa.

Tarehe 21 Juni, 1948, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mashine ya Williams, Kilburn na Tootill ilitekeleza programu yake ya kwanza. Iliundwa ili kujaribu kumbukumbu mpya, nayo ilipewa amri saba tu. Kujumlisha hakukuwamo, palikuwa na kutoa, na kuchukua namba kwa kuigeuza hasi. Aliyetaka jumla ya mbili na tatu alichukua hasi mbili, akatoa tatu, akapata hasi tano, kisha akaigeuza. Kilichokosekana katika msamiati kilipatikana katika sarufi.

Mwaka 1966 kampuni ya Digital ya Marekani ilitoa PDP-8/S, ndugu mdogo wa PDP-8 ya 1965. Namba zake za biti 12 hazikujumlishwa kwa mkupuo, bali biti moja baada ya moja. Bei ilishuka, kasi nayo ikashuka sana.

Motorola ilikwenda mbali zaidi mwaka 1977 kwa MC14500B, prosesa ya biti moja na amri 16. Hata kihesabio cha kuonyesha amri ifuatayo haikuwa nacho; kazi hiyo iliachiwa saketi ya nje. Ilikusudiwa kushika mahali pa rilei viwandani: ikiwa tangi limejaa na mlango umefungwa, washa mota. Penye jibu la ndiyo au siyo, biti moja yatosha. Katika zama zetu, SERV ya Olof Kindgren hufuata amri za RISC-V za biti 32, lakini hukokotoa biti moja moja: haba na haba hujaza kibaba.

Twaona basi kwamba udogo si umaskini, wala si bure. Kilichopunguzwa hulipwa kwa muda, kwa urefu wa programu, au kwa saketi za nje. Ndivyo ilivyo katika istilahi zetu. Dhana isiyo na neno yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, ila gharama humwangukia mwanafunzi anayerudia maelezo marefu kila siku. Kwa hiyo tusihesabu maneno tuliyokosa. Tutazame dhana zinazorudiwa mara nyingi, na hizo ndizo tuzitungie maneno kwanza.