Idhini Baada ya Tendo: Bunge la Kenya na Usimamizi wa Jeshi, 1963–2024

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu Bunge la Kenya na jeshi ni la kiasi: je, Bunge lina mamlaka ya kutosha? Insha hii inauliza swali la wakati. Inachunguza ni lini, katika mfululizo wa matukio, Bunge liliombwa kauli yake, na ni lini lenyewe lilidai majibu. Kabla ya mwaka 2010 mamlaka hayo yalikuwa haba. Baada ya 2010 yaliandikwa katika Katiba kwa maneno yaliyo wazi. Kilichobadilika kidogo mno ni mpangilio: askari hutangulia, fedha huwafuata, na idhini huja nyuma. Idhini ya namna hiyo hugeuka tabia. Huacha kuwa ruhusa inayoweza kunyimwa, ikawa baraka, na mbunge anayesita kuitoa huonekana kana kwamba anawatupa askari walio tayari mstari wa mbele.

Mwanzo wa mazoea haya unapatikana kaskazini mwa nchi. Mwishoni mwa Disemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika eneo la Kaskazini Mashariki, ambako wakazi wengi wa jamii ya Wasomali walidai kuungana na Somalia. Vita vilivyofuata, maarufu kwa jina la vita vya Shifta, viliendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Kwa miaka hiyo karibu minne jeshi lilifanya operesheni ndani ya mipaka ya nchi, miongoni mwa raia ambao kisheria walikuwa Wakenya sawa na wengine. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, mifugo ikatwaliwa, na mienendo ya kila siku ikawekwa chini ya vibali.

Tendo la Bunge linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika suala hili lilifanyika baada ya vita. Mwaka 1970 lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia mashtaka na madai dhidi ya maafisa wa serikali na askari kwa matendo waliyoyatenda kwa nia njema wakilinda usalama kati ya tarehe 25 Disemba 1963 na tarehe 1 Disemba 1967, katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na katika wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tarehe na mipaka hiyo inapaswa kusomwa polepole. Inaonyesha kwamba Bunge lilijua ni wapi na ni lini kulikuwa na matendo yaliyohitaji kinga. Sheria inayochora ramani ya madai yanayoweza kufunguliwa, kisha ikafunga mlango wa mahakama mbele ya madai hayo, haiwezi kuelezwa kuwa matokeo ya kutojua. Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo Bunge lilipojifunza kazi ambayo lingeirudia: kulipa tendo la jeshi uhalali likitazama nyuma. Tofauti ya miaka ya baadaye ni kwamba uhalali huo ungetolewa kwa hoja na kura, si kwa sheria ya kinga.

Februari 1984, katika eneo hilohilo, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na kupelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walishikiliwa huko kwa siku kadhaa juani, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Wabunge wa eneo hilo walilileta suala hilo Bungeni, jambo lililohitaji ujasiri katika mfumo wa chama kimoja, miezi michache tu baada ya mwaka mzima wa msako uliofuata jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Jibu la serikali lilikuwa kwamba waliofariki ni watu 57. Bunge halikuwa na chombo cha kuipima hesabu hiyo: hapakuwa na kamati ya ulinzi yenye meno, wala njia ya kumwita kamanda na kumhoji kwa kiapo. Idadi ikaingia katika kumbukumbu rasmi na kubaki humo. Ni ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais mwezi Mei 2013, iliyokadiria kwamba waliouawa walikaribia 1,000. Kati ya jibu la Bungeni na ripoti ya Tume ilipita miaka 29.

Upande wa fedha ulikuwa na historia tofauti kidogo, na hapa haki itendeke kwa kukiri kwamba Bunge lilifanya kazi yake vizuri zaidi. Kamati ya Hesabu za Umma, iliyorithiwa kutoka utaratibu wa Uingereza na ambayo huongozwa na mbunge wa upinzani, ilikuwa na desturi ya kusoma taarifa za Mkaguzi Mkuu na kuwahoji makatibu wa wizara. Mwaka 2006 kamati hiyo, chini ya uenyekiti wa Uhuru Kenyatta aliyekuwa kiongozi wa upinzani, ilichunguza mikataba ya Anglo Leasing: mikataba 18, mingi ikiwa ya vyombo vya usalama, yenye thamani ya takriban dola milioni 770. Wajumbe wake walisafiri hadi London kumsikiliza John Githongo, aliyekuwa Katibu wa Maadili kabla ya kuikimbia nchi. Miongoni mwa mikataba hiyo ulikuwamo ule wa mwaka 2003 wa kuijengea Kenya meli ya kivita nchini Uhispania. Meli hiyo, Jasiri, ilifika Mombasa mwaka 2012.

Hata hivyo kamati ilifika baada ya mikataba kutiwa saini, na saini za serikali huwa na nguvu kupita ripoti za wabunge. Mei 2014 serikali ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa kampuni zilizohusishwa na mikataba hiyo, kufuatia hukumu za mahakama za nje. Rais aliyeidhinisha malipo hayo alikuwa ni yuleyule aliyeongoza kamati mwaka 2006. Wapo watakaoliona hilo kuwa unafiki. Mwandishi analiona kuwa ushahidi wa jambo gumu zaidi: ukaguzi unaokuja baada ya mkataba unaweza kumtaja mkosaji, lakini deni haliufuti.

Katiba ya 2010 ilikusudia kuubadili utaratibu huu. Ibara ya 238 inaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Ibara ya 240 inalitaka Baraza la Usalama la Taifa liripoti Bungeni kila mwaka, na lipate idhini ya Bunge kabla ya kupeleka vikosi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani. Ibara ya 241 inatenganisha mambo mawili ambayo mjadala wa umma huyachanganya: jeshi likisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, litatoa ripoti kwa Bunge la Taifa, likipelekwa kurejesha amani katika sehemu ya nchi yenye machafuko, litafanya hivyo kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Kuripoti hufanyika baadaye. Idhini, kwa maana ya kawaida ya neno hilo, hutangulia. Migogoro karibu yote ya miaka iliyofuata ilizuka katika pengo lililo kati ya maneno hayo mawili.

Jaribio la kwanza lilikuja upesi. Katikati ya Oktoba 2011, baada ya utekaji nyara wa wageni katika kaunti ya Lamu na wa wafanyakazi wa misaada katika kambi ya Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka na kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Serikali ilijenga hoja yake juu ya haki ya kujilinda iliyomo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Kwa hoja hiyo, operesheni haikuwa ya kulinda amani, kwa hiyo idhini ya Ibara ya 240 haikuhitajika. Wala haikuwa vita vilivyotangazwa, kwa hiyo idhini ya Ibara ya 95 haikuhitajika pia. Ilikuwa ni kitu cha tatu ambacho Katiba haikukipa jina. Bunge lilipiga kura mwanzoni mwa Disemba, takriban wiki saba baadaye, lilipoombwa kuridhia kwamba vikosi vijiunge na AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika. Kufikia wakati huo vifaru vilikuwa Somalia, na kura ya kukataa ingekuwa sawa na amri ya kurudi nyuma mbele ya adui. Swali la kama vita vilistahili kuanzishwa halikuwahi kuwekwa mbele ya wabunge likiwa bado ni swali.

Kujiunga na AMISOM kulileta pia jambo la fedha lisilozungumzwa vya kutosha. Azimio 2036 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Februari 2012, lilipandisha idadi ya juu ya askari wa ujumbe huo hadi 17,731 na hivyo kufungua njia ya Wakenya kuingizwa. Posho zao, dola 1,028 kwa kila askari kwa mwezi, zilitoka kwa Umoja wa Ulaya kupitia Umoja wa Afrika, mpaka mwaka 2016 mchango huo ulipopunguzwa kwa asilimia 20. Nguvu ya kale kabisa ya Bunge juu ya jeshi ni kufunga mfuko. Pale sehemu ya mfuko inaposhikwa Brussels, nguvu hiyo hupungua bila ibara yoyote ya Katiba kuguswa.

Kuhusu utendaji wa jeshi, matukio mawili yanatosha. Shambulio la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013 liliua watu 67, na kamera za jengo ziliwaonyesha baadhi ya askari wakichukua bidhaa madukani. Kamati mbili za Bunge ziliunganishwa kuchunguza. Ripoti yao ilipofika mbele ya Bunge la Taifa mwezi Machi 2014, wabunge wenyewe waliikataa, wengi wakisema ilikuwa ya juujuu. Kukataliwa kwake kunaweza kusomwa kama ukali wa Bunge. Matokeo yake lakini yalikuwa kwamba Bunge halikubaki na ripoti yoyote.

Tukio la pili ni El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, wapiganaji wa Al-Shabaab waliiteka kambi ya askari wa Kenya kusini-magharibi mwa Somalia. Serikali haikutangaza idadi ya waliouawa. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja katika mahojiano idadi iliyokaribia 200. Uchunguzi wa shirika la habari la CNN ulitaja 141. Familia zilipokea majeneza katika kaunti mbalimbali, kila moja ikijua wake tu. Hoja ya serikali ilikuwa ile ya siku zote: takwimu humsaidia adui. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini haina uzito inaodaiwa kuwa nao. Al-Shabaab waliishika kambi hiyo na kuipiga picha. Aliyefichwa idadi alikuwa mwananchi na mwakilishi wake.

Inafaa kukumbuka kwamba Bunge ambalo Kenya ilirithi kwake kamati, kanuni na hata joho la Spika lilikwisha kukabiliana na hoja hiyo. Tarehe 29 Januari 1855, jeshi la Uingereza likiwa bado linaizingira Sevastopol katika vita vya Crimea na askari wake wakifa kwa baridi na kipindupindu, mbunge John Roebuck aliomba kamati ya kuchunguza hali ya jeshi hilo na mwenendo wa idara zilizolihudumia. Kura 305 zilimuunga mkono dhidi ya 148. Serikali ya Lord Aberdeen ilianguka, kamati ikaketi na kuhoji mashahidi wakati vita vikiendelea, na Sevastopol ikatekwa mwezi Septemba mwaka uleule. Kwa hiyo anayedai kwamba utamaduni wa kibunge wa Westminster unahitaji ukimya wakati wa vita anautetea utamaduni ambao haukuwapo.

Baada ya mwaka 2016 muda kati ya tendo na idhini ulifupika. Tarehe 2 Novemba 2022 Rais William Ruto alikabidhi bendera kwa kikosi cha askari zaidi ya 900 waliokuwa wakielekea mashariki mwa Kongo chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bunge la Taifa liliidhinisha wiki moja baadaye, na kundi likatua Goma tarehe 12. Kati ya mifano yote iliyochunguzwa hapa, huu ndio uliokaribia zaidi utaratibu wa Katiba, kwani bendera ilitangulia kura lakini ndege zilifuata. Wala si bahati kwamba gharama, zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa miezi sita ya kwanza, ilizungumzwa waziwazi: safari hii mlipaji alikuwa Kenya yenyewe.

Kisha ikaja tarehe 25 Juni 2024. Waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na siku hiyohiyo Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, akachapisha katika Gazeti Rasmi ilani ya kulipeleka jeshi kuwasaidia polisi. Bunge la Taifa liliidhinisha kesho yake. Wiki saba za mwaka 2011 zilikuwa zimekuwa siku moja, na bado siku hiyo moja ilikuwa upande usiofaa wa kalenda. Chama cha Wanasheria kilikwenda Mahakama Kuu. Jaji Lawrence Mugambi hakuliondoa jeshi mitaani, lakini aliiagiza serikali ichapishe, ndani ya siku mbili, ni maeneo gani jeshi litafanya kazi, kwa muda gani na kwa mipaka ipi. Hayo ndiyo mambo ambayo hoja ya idhini ilipaswa kuyataja kabla ya wabunge kuinua mikono. Safari hii yaliulizwa na jaji mmoja, siku moja baada ya kura.