Kusafiri Pamoja Bila Kuondoka Unguja

Siku hizi wapo mafundi wa kompyuta wanaotengeneza programu za mtandaoni za kuwakutanisha watu wasiojuana, wakatembelee pamoja makumbusho ya Cairo au mitaa ya Mumbai, kila mmoja akiwa kwake. Jambo hili husemwa kuwa ni jipya. Mjini Unguja si jipya hata kidogo: kwa karibu karne nzima watu wa Mji Mkongwe na Ng'ambo wamekwenda mbali kwa pamoja bila kupanda chombo, na wamepata marafiki katika kwenda huko. Nadai kwamba urafiki huo ulitokana na mambo mawili ambayo picha na sauti za ng'ambo hazikuyabeba ndani yake, nayo ni saa moja iliyowafunga wote, na maongezi yaliyofuata barazani.

Tuanze na santuri. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi nyimbo, na sahani zake zikarudi kuuzwa pwani nzima. Mashine za kuzichezea zilikuwa ghali, kwa hiyo wengi walimsikia mikahawani, wakiwa wamekaa na watu ambao hawakuwachagua. Sahani ikimalizika hubaki watu na kahawa yao, na neno la kusema kuhusu walichokisikia. Hapo ndipo mtu alipojua jirani yake wa benchi ni nani, anacheka nini, na kinachomkera ni kipi.

Sinema ililikuza jambo hili kupita kiasi. Ukumbi wa Royal ulifunguliwa mwaka 1921. Ulipoungua, mahali pake Vuga pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955. Filamu za Kihindi za Jumapili ziliwatoa watu majumbani wakiwa wamevaa na kujifukiza udi, na kulikuwa na maonesho ya wanawake peke yao, ambako mwenye kukaa ndani aliweza kutoka kwa heshima yake yote. Filamu ya Awara ya mwaka 1951 ilipendwa mno. Ndani ya ukumbi wote walikuwa Bombay. Wakitoka, kazi ya pili ilianza. Je, hakimu wa Awara alimtendea haki mkewe? Mtoto wa mwizi lazima awe mwizi? Aliyeikosa filamu alisimuliwa na aliyeiona, na msimulizi mzuri hakukosa wa kumsogezea kikombe. Mabishano ya namna hii yaliweza kuchukua siku kadhaa, na ndiyo yaliyomfanya mtu amtafute mwenziwe kesho yake.

Televisheni ya rangi ilifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Nayo ilitazamwa hadharani. Jaws Corner, njia panda mashuhuri ya Mji Mkongwe, ina jina la filamu ya papa ya mwaka 1975, na mpaka leo pana televisheni, dhumna na muuza kahawa. Mtaa mzima umekubali kuitwa kwa jina la kitu walichokitazama pamoja. Ushahidi mzito kuliko huu sijui utafutwe wapi.

Atakayepinga ana hoja ya nguvu. Ikiwa kutazama pamoja kunajenga urafiki, mbona katika zama za siasa, tangu vyama vya ZNP na ASP viliposhindana hadi damu ikamwagika Juni 1961, watu waliokaa ukumbi mmoja walihasimiana? Nakubali, na jibu linaiimarisha hoja yangu. Kilichovunjika si sinema bali ni baraza. Mikahawa iligawanyika kichama, waliotazama filamu moja wakaenda kuizungumzia mahali mbalimbali, na utazamaji peke yake haukuweza kuwashika pamoja. Wengine watasema sinema yenyewe ilikuwa na matabaka, kwani viti viliuzwa kwa bei tofauti. Ni kweli, na baraza za nje zilikuwa za wanaume zaidi. Lakini mwenye kiti cha bei ndogo na mwenye kiti cha juu waliianza na kuimaliza hadithi kwa wakati mmoja, na hilo liliwapa jambo la kuongea hata kama pesa zao hazikulingana.

Hoja iliyo ngumu kwangu ni ya umbali. Baada ya mapinduzi ya 1964 Wazanzibari wengi walihama, na leo wako Muscat, Dubai, London. Baraza haiwafikii, mtandao unawafikia, na kwao matembezi ya pamoja kwenye kioo ni neema ambayo sitaki kuidharau. Ninachokikataa ni programu inayomwacha kila mtu aingie saa aipendayo, atazame apendacho, kisha ajifungie. Saa ipangwe, na asiyefika aikose. Kundi liwe dogo kiasi cha kila mmoja kusikika. Na picha ikishazimwa, mlango wa maongezi uachwe wazi bila kitu kingine cha kutazama, kwa muda usiopungua ule wa matembezi yenyewe.