Kibati: njia moja, safari mbili

Njia ya kupanda Nyiragongo inaanzia Kibati, kaskazini mwa Goma, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoundwa mwaka 1925. Mwaka 1948 mtaalamu wa volkano Haroun Tazieff aliliona ziwa la moto ndani ya shimo la mlima. Baadaye watalii walifuata, wakisindikizwa na walinzi wenye silaha na wapagazi wa vijiji vya jirani.

Mlima una mita 3,470. Joto la mjini linadanganya: usiku kileleni ni baridi kali, na mawe ya lava yanakata viatu laini. Kwa hiyo mgeni alikuja na viatu vya soli ngumu, koti zito na maji ya kutosha. Asiye navyo alikodi.

Wenyeji wamejifunza mambo hayo kwa kukimbia. Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma. Wengi walivuka hadi Gisenyi, kisha wakarudi wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado na moto. Mei 2021 maelfu walitembea kuelekea Sake, kilomita 25 hivi. Mwaka 2022 vita vilileta familia nyingi Kanyaruchinya, wakalala chini ya turubai juu ya mawe hayohayo.

Mahitaji ni yaleyale: viatu vigumu, koti, turubai, bidoni ya maji. Mtalii alikuwa na siku ya kuchagua. Aliyekimbia alichukua kilichokuwa karibu na mlango. Basi viwekwe hapo mapema, viatu vya watoto vikiwa vya kwanza.