Aliyeshindwa Anadaiwa Nini? Kutoka Iringa hadi Rungwe

Makambako ndipo barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Mei 29, 2024, wajumbe wa Chadema Kanda ya Nyasa walikutana hapo kumchagua mwenyekiti wao. Mchungaji Peter Msigwa wa Iringa alikuwa akitetea kiti. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu wa Mbeya, alikuwa akikitaka. Wote wawili waliingia bungeni mwaka 2010 na wote waliangushwa mwaka 2020. Sugu alipata kura 54, Msigwa 52. Msigwa akalalamika kwamba uchaguzi haukuwa wa haki, na mwezi Juni ulipokwisha alikuwa tayari amepokewa CCM.

Kura mbili tu, na ndugu wa chama kimoja wakawa mahasimu. Ni rahisi kumlaumu Msigwa na kuishia hapo. Lakini ukiirudia barabara hii kituo kwa kituo, utaona kwamba deni la mshindwa kwa mshindi wake halikuanzia Makambako, wala si deni la upande mmoja.

Enzi za TANU peke yake deni hilo halikuwa na uzito mkubwa. Kuanzia uchaguzi wa 1965, chama kiliweka wagombea wawili jimboni, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, nao wakapanda jukwaa moja mbele ya wananchi. Aliyeshindwa alirudi nyumbani akiwa bado mwana TANU, kwa kuwa nje hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, milango ikawa mingi, na kila aliyeumizwa na kura za maoni akawa na pa kukimbilia.

Iringa Mjini wanalijua hilo vizuri. Mwaka 2010 Frederick Mwakalebela, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa TFF, aliongoza kura za maoni za CCM. Kukiwa na tuhuma za rushwa katika mchakato, vikao vya juu vilikata jina lake na kumrudisha mbunge aliyekuwapo, Monica Mbega. Hapo mwenye kura nyingi ndiye aliyetakiwa amuunge mkono mwenye kura chache. Jimbo likachukuliwa na Chadema, yaani na Msigwa huyu huyu. Mwaka 2015 CCM ilimpa Mwakalebela nafasi aliyonyimwa, akashindwa naye. Machi 2017 Jesca Msambatavangu, mwenyekiti wa chama mkoani, alivuliwa uanachama kwa tuhuma za usaliti katika uchaguzi wa 2015. Baadaye akasamehewa, na mwaka 2020 akagombea na kulirudisha jimbo CCM.

Ukisikia neno usaliti katika historia ya namna hiyo, uliza kwanza nani alianza kuvunja ahadi. Chama kikimwambia mjumbe apige kura kisha kikaipangua, kina haki ndogo sana ya kumdai aliyepanguliwa ashike kipaza sauti amnadi mwenzake. Tuhuma za rushwa si jambo dogo, na chama kina wajibu wa kuzichunguza. Lakini kizichunguze kabla ya kura, au kiurudie uchaguzi, wajumbe waone wamehesabiwa.

Ukiiacha barabara kuu hapo Makambako, ukapita Njombe, unafika Ludewa, wilaya iliyokuwa bado chini ya mkoa wa Iringa Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa huko, alipokwenda mahakamani kudai haki ya mgombea binafsi. Mahakama Kuu ilimkubalia mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba kuuziba mwanya. Mahakama ya Rufani ilikataa mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha ikampa ushindi. Mlango huo haukufunguliwa. Ndiyo maana aliyekatwa jina Tanzania ana njia tatu tu: amuunge mkono mshindi, anyamaze, au ahamie chama kingine. Kwa wengi hiyo ya kuhama ndiyo inayobaki.

Rungwe inanipa mfano ninaouheshimu zaidi. Mei 2005, ukumbini Chimwaga, Dodoma, Jakaya Kikwete alipata kura 1,072 za kuwania urais kupitia CCM, Salim Ahmed Salim 476, Profesa Mark Mwandosya 122. Mwandosya alirudi Rungwe Mashariki akagombea ubunge, kisha akawa waziri katika serikali ya aliyemshinda. Mwaka 2015 aliomba tena urais, hakufika tano bora. Edward Lowassa naye hakufika, akaenda Chadema na kupata karibu asilimia 40 ya kura za nchi, kabla ya kurudi CCM Machi 2019. Mwandosya alibaki. Kikwete mwenyewe alikuwa ameonja kushindwa: mwaka 1995 aliongoza duru ya kwanza, akashindwa ya pili na Benjamin Mkapa kwa kura 639 dhidi ya 686, kisha akamtumikia kama waziri wa mambo ya nje kwa miaka kumi.

Lakini ni rahisi kumsifu mshindwa aliyepewa wizara. Yuko mtia nia wa udiwani Mafinga au Tukuyu, ambaye hapewi chochote: anaitwa jukwaani siku ya kuvunja makundi, mkono wake unainuliwa pamoja na wa mshindi, watu wanapiga makofi. Kama kura zilihesabiwa mbele yake na zikaheshimiwa, namwambia ainue mkono huo kwa moyo, hata kama alikosa kwa mbili. Julai 2020 CCM ilihesabu kura za maoni hadharani, kila mtu akaona. Agosti, vikao vya juu vikawaacha baadhi ya walioongoza.